Anzia Kanisani: Cowboy Junkies, Maikrofoni Moja, na Albamu Ambayo Guka Yangu Aliielewa Kabla Yangu

Leo si story ya Gengetone, si Arbantone, na sitabonga juu ya nani amemdiss nani. Leo tuko Toronto, Kanada, mwaka wa 1987, kwa kanisa la zamani lenye baridi, na kuna familia moja imedanganya wenye kanisa ili ipate mahali pa kurekodi.

Kabla tufike huko, wacha nikupeleke Ol Kalou kwanza.

Kama umelelewa Kenya unajua hii. Jumapili asubuhi, redio iko juu ya kabati, chai inachemka, na Jim Reeves anaimba ni kama amezaliwa Nyandarua. Wakenya wanapenda kantri vibaya sana. Guka yangu ako na kaseti za Jim Reeves na Don Williams ambazo ni za kitambo kuliko mathe yangu, na kama mtoto nilizichukia zote. Kwangu kantri ilikuwa muziki wa kungoja kanisa. Ilikuwa muziki wa wazee waliokataa kubadilisha stesheni.

Halafu mwaka jana nikapatana na Cowboy Junkies, saa nane usiku, simu iko kwa chaja, usingizi umekataa kuja. Tangu hiyo usiku watu wananiuliza swali moja kila nikiwataja: hii bendi ina albamu mob, naanzia wapi? Nimejibu vibaya mara kadhaa na nikapoteza wasikilizaji wazuri. Binamu yangu nilimpea albamu ambayo haikufaa, akaniambia ni muziki wa matanga, na hajawahi rudi. Kwa hivyo leo najibu mara moja na kwa mpangilio, na kwa sababu huwezi kuelewa mpangilio bila historia, historia ndiyo hii.

Mateja wasio mateja

Jina kwanza. "Cowboy Junkies" ukilitafsiri ni kama "mateja wa wachunga ng'ombe". Usiogope. Walilichagua kwa sababu linavutia macho kwa bango, basi. Ukingoja vurugu utangoja sana, kwa sababu hawa ni kati ya watu watulivu zaidi kwa historia ya gitaa la umeme.

Bendi ilianza Toronto mwaka wa 1985. Michael Timmins, gitaa na mwandishi wa nyimbo. Alan Anton, besi, beshte ya Michael tangu utotoni. Peter Timmins, ngoma, ndugu mdogo wa Michael. Na Margo Timmins, dada yao, sauti. Michael na Alan walikuwa wameshajaribu bahati hadi London na bendi zingine za kelele, mambo hayakushika, wakarudi nyumbani. Wanne hao wa 1985 waliendelea pamoja miaka na miaka bila kubadilishana watu. Fikiria bendi zenye unajua za hapa mtaani. Ngapi zimemaliza hata miaka mitano bila mtu mmoja kutoka na kwenda kutoa diss track?

Margo hakuwa mwimbaji. Alikuwa dada mwenye aibu ambaye ndugu yake alimwomba ajaribu. Na kwa vile sauti yake ni ya chini, ya mtu anayekuambia siri jikoni, wale wengine walilazimika kushusha vyombo ili asikike. Hiyo ndiyo siri ya hii bendi yote. Wengine wanaongeza sauti hadi mwimbaji apige nduru. Hawa walishusha kila kitu hadi mnong'ono ukawa ndio kitu kikubwa zaidi kwa chumba.

Gereji

Albamu ya kwanza, *Whites Off Earth Now!!* ya 1986, ilirekodiwa kwa gereji ya nyumba waliyokuwa wanaishi Toronto. Injinia alikuwa Peter Moore, na tayari alikuwa na wazo ambalo litawafanya wajulikane: badala ya kumpa kila mtu maikrofoni yake halafu kuchanganya baadaye, weka maikrofoni moja katikati na uwapange watu kuizunguka. Ukitaka gitaa lipungue, haushushi kitufe. Unamwambia mwenye gitaa arudi nyuma hatua mbili.

Karibu nyimbo zote za hiyo albamu ni za wengine: bluzi za Robert Johnson, za John Lee Hooker, za Lightnin' Hopkins, na moja ya Bruce Springsteen. Waliitoa chini ya lebo yao ndogo, Latent.

Usianzie hapa. Najua kuna wale wa "lazima nianze mwanzo", nawaheshimu, lakini apana. Ni albamu ya watu wanaotafuta njia. Ukiianza utafikiri ni bendi ya bluzi ya baa fulani, na utatoka kabla hawajafika walikokuwa wanaenda.

Kanisa

Sasa tufike kwa penyewe.

Ijumaa, tarehe 27 Novemba 1987. Church of the Holy Trinity ni kanisa la Anglikana lililojengwa 1847, katikati kabisa ya Toronto, limebanwa na jumba kubwa la maduka. Moore aliupenda mwangwi wake. Shida ilikuwa moja: ukienda kwa wenye kanisa uwaambie unaitwa "Mateja" na unataka kukodi madhabahu, unajua jibu. Kwa hivyo wakajitambulisha kama Timmins Family Singers, kwaya ya familia, waliokuja kurekodi kipindi cha Krismasi cha redio ya taifa. Kwaya ya familia ilikuwa nusu ukweli. Krismasi ilikuwa uongo mtupu.

Waliweka ile maikrofoni moja, Calrec, katikati. Sauti ya Margo ikawa shida kwa sababu bila msaada ilimezwa na ngoma. Kulikuwa na spika zilizoachwa hapo na watu wengine waliotumia kanisa, basi Margo akaimba kupitia hizo, na spika yenyewe ikapangwa kwa duara kama mwanamuziki mwingine. Masaa sita hivi ya kwanza yaliisha kwa kusogeza tu. Wewe rudi nyuma. Wewe njoo kidogo. Ngoma ziko juu. Besi iko mbali. Wageni wakaanza kuingia mchana: akodiani, harmonika, fidla, mandolini, na lile gitaa la kulala mezani ambalo nyuzi zake zinalia kama mtu, pedal steel. Kufikia hapo sauti ilikuwa imepatikana.

Halafu saa zikawaishia. Na hapa Mkenya atacheka: walimpea mlinzi kitu kidogo, dola 25, akawaongezea masaa mawili. Kumbe chai iko kila mahali. Hata hivyo hawakumaliza. Wimbo unaofungua albamu, "Mining for Gold", Margo aliurudia siku kadhaa baadaye, peke yake, bila chombo hata kimoja, wakati orkestra iliyokuwa inatumia kanisa ilikuwa imeenda lanchi. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema albamu nzima ni ya siku moja, mwambie ni karibu nzima.

*The Trinity Session* ilitoka mapema 1988 kwa lebo yao, halafu lebo kubwa ya RCA ikaichukua mwaka huo huo ikaisambaza dunia nzima. Kama nusu ya nyimbo ni za wengine, lakini angalia wamewatoa wapi hao wengine: Hank Williams, Patsy Cline, Waylon Jennings, Elvis, na katikati ya hao wazee wa kantri, bila kuomba ruhusa, "Sweet Jane" ya Velvet Underground, bendi ya New York ya miwani myeusi. Wakaziimba zote kwa mwendo mmoja, polepole, mpaka huoni mpaka uko wapi. Lou Reed mwenye wimbo aliisifu sana hiyo "Sweet Jane" yao, na ndiyo ilifika hadi kwa filamu ya *Natural Born Killers* mwaka wa 1994.

Weka tarehe kichwani. Ile bendi ambayo watu huitaja kama chanzo cha kantri mbadala, Uncle Tupelo, ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka wa 1990, na gazeti la hiyo jamii ya muziki lilianza 1995. Hawa wa Toronto walikuwa wameshafanya miaka miwili kabla, na Kanada, nje kabisa ya Nashville. Simaanishi ndio wameanzisha. Namaanisha wakati wengine walikuwa wanatafuta jina, hawa walikuwa wameshatoka kanisani.

Guka anasikiza

Krismasi iliyopita nilikuwa shags. Guka amekuwa akisahau. Ilianza na funguo, ikaenda kwa majina, sai akiniona anaanza kuhesabu majina ya wajomba wote akitafuta langu, na mara nyingine halipati. Kaseti zake hazichezi tena, redio ilikufa. Tukawa tumekaa nje na yeye, jioni, ile baridi ya Ol Kalou ya kuuma masikio, na sikuwa na cha kumwambia. Nikaweka *The Trinity Session* kwa simu, tu ili kuwe na sauti.

Wimbo wa kwanza akauliza, "Huyu msichana mbona ananong'ona? Kuna mtu amelala?"

Akodiani ilipoingia akageuza kichwa. "Hiyo ni kama ya mwomboko." Na ni kweli, hiyo ndiyo akodiani iliyochezwa kwa densi za ujana wake, ingawa hapa inatembea kwa miguu mizito zaidi.

Halafu ikafika ya Hank Williams. Guka, ambaye hakuwa amelitaja jina langu sahihi siku nzima, akaimba beti zote hadi mwisho. Hakukosea hata neno. Margo alikuwa polepole kuliko vile yeye anaijua, kwa hivyo alikuwa anafika mwisho wa mstari mbele yake, halafu anamngoja.

Hapo ndipo niliacha kufikiri hii albamu ni ya watu kama mimi, wa hedifoni na kukosa usingizi. Hao vijana wa Toronto walichukua nyimbo za wazee wao na kuziimba kwa njia ambayo mzee bado anaweza kuingia na kijana pia anaweza kuingia. Nimesikiza muziki mwingi mpya unaosampo wa kitambo. Mara ngapi mwenye kitambo ameachiwa nafasi ya kukaa?

Kwa hivyo jibu langu ni hilo. Anzia kanisani. Zima kuchanganya nyimbo, anza wimbo wa kwanza, usiku, chini ya saa moja itakuwa imeisha. Ukiisikiza ukiwa kwa mathree ya Thika Road na konda anapiga mabati, utasema haina kitu, na utakuwa umeikosea.

Kosa ambalo wewe na mimi tungefanya

Sasa hii sehemu ni ya wasee wanaotengeneza vitu, wa video, wa muziki, wowote. Ukipata kitu kinafanya kazi, unafanya nini? Unakirudia. Hawa pia.

Mwaka wa 1989 walienda kwa jengo lingine la kale la ibada, Sharon Temple, huko huko Ontario, na maikrofoni moja tena, kurekodi albamu ya kufuata. Walimaliza, wakasikiza, wakaiweka kando. Wakaingia studio ya kawaida wakarekodi upya, na ndiyo *The Caution Horses* ya 1990. Ile ya Sharon ilikaa kabatini zaidi ya miaka thelathini, wakaitoa 2022.

Fikiria ujasiri huo. Dunia inataka kanisa la pili, unalo tayari, na unasema apana. *The Caution Horses* ni nzuri, ina "Sun Comes Up, It's Tuesday Morning", wimbo wa mtu aliyeachwa anayejaribu kujishawishi kwamba kitanda kikubwa ni faida. Lakini isikuwe ya pili yako. Inafanana na Trinity kiasi kwamba utailinganisha, na itashindwa.

Ya pili, ya tatu, ya nne

Ya pili yako ni *Black Eyed Man*, 1992. Hapa Michael ameanza kuandika story za watu: miji midogo, mauaji, mapenzi ya watu waliochoka. Sababu moja kubwa ni Townes Van Zandt, mwandishi wa nyimbo wa Texas, aliyezunguka nao kwa ziara mwaka wa 1990. Townes aliwaandikia wimbo, "Cowboy Junkies Lament". Michael akamwandikia wake, "Townes' Blues". Zote mbili ziko kwa hiyo albamu, zinasalimiana. John Prine pia yuko, anaimba na Margo. Townes alifariki Siku ya Mwaka Mpya 1997, kwa hivyo ukisikiza sai unasikia pia kwaheri ambayo hawakujua wanaiaga.

*Pale Sun, Crescent Moon* ya 1993, gitaa limeanza kuwa na makwaruzo. Ruka kwanza, utarudi.

Ya tatu ni *Lay It Down*, 1996. Walihama RCA wakaenda Geffen, wakaenda kurekodi Athens, Georgia, na kwa mara ya kwanza albamu yote ni nyimbo zao wenyewe. Ina "A Common Disaster", wimbo wao ambao unaweza hata kutikisa kichwa nao. Na niseme ukweli: kama Trinity imekushinda, kama umelala wimbo wa tatu, usijilaumu. Anza na hii. Hii ndiyo mlango wa upande, na ningempea binamu yangu hii siku ile, labda tungekuwa tunaongea lugha moja.

Baada ya hapo biashara ikawapiga. *Miles from Our Home* ilitoka 1998, na muda si muda makampuni makubwa ya muziki yakaunganishwa na Geffen ikamezwa. Bendi nyingi za umri wao ziliishia hapo. Hawa walirudi kwa Latent, ile lebo yao ya gereji, na wakaendelea kutoa albamu wao wenyewe, mwaka baada ya mwaka, bila mtu kupiga makofi sana. Michael alikaa China na familia yake miezi kadhaa, katika mji wa Jingjiang, akarudi na *Renmin Park* ya 2010. Rafiki yao Vic Chesnutt alipofariki siku ya Krismasi 2009, wakatengeneza albamu nzima ya nyimbo zake, *Demons*. Mama yao alipofariki 2018, huzuni hiyo ikawa *Ghosts*, iliyotoka 2020, wakati dunia yote ilikuwa imefungiwa ndani.

Ya nne yako ni *Such Ferocious Beauty*, 2023. Nakuomba usianzie hapa hata kama simu yako itaiweka mbele kwa sababu ni ya hivi karibuni. Inafungua na "What I Lost", na huo wimbo unahusu baba yao, na ugonjwa wa kusahau uliomchukua polepole.

Nilipojua hivyo nilisimamisha simu. Nilikuwa nimekaa na guka miezi michache kabla, tukisikiza hawa watu wakiwa vijana wa miaka ishirini na kitu, wanaimba nyimbo za wazee wao kanisani. Na hapa ni wao tena, miaka thelathini na sita baadaye, ndugu wale wale, sauti ile ile imezeeka kidogo, wanaimba juu ya mzee wao ambaye hakumbuki. Ukianzia hapa utasikia wimbo mzuri wa huzuni. Ukianzia kanisani halafu ukafika hapa, utajua ni nani anaongea na amebeba nini.

Hiyo ndiyo sababu nasumbua watu juu ya mpangilio. Orodha ya nyimbo kumi bora itakupa nyimbo kumi. Haitakupa familia inayozeeka mbele yako.

Kwa ufupi, piga picha: *The Trinity Session*, halafu *Black Eyed Man*, halafu *Lay It Down*, halafu *Such Ferocious Beauty*. Ukifika hapo na bado unataka, rudi gerejini 1986 usikize walikotoka. Sasa utaielewa.

Nitaenda shags tena Aprili. Nimempakulia guka Trinity kwa kasimu kadogo ka mulika mwizi kenye memori kadi, kwa sababu data huko ni story nyingine. Shosho anasema anaiweka kila jioni, na kila jioni anauliza huyo msichana mbona ananong'ona, ni kama ndio mara ya kwanza. Halafu inafika ile ya Hank, na anaimba.